Utatuzi mbadala wa migogoro kazini ni nini?

Ni kumaliza mgogoro wa mwajiri na mfanyakazi, au wa wafanyakazi wenyewe kwa wenyewe, bila kukimbilia mahakamani. Njia kuu ni mbili. Kwenye usuluhishi, mtu wa kati huwasaidia wahusika wafikie makubaliano yao. Hana mamlaka ya kuwaamulia. Kwenye uamuzi, mwamuzi husikiliza ushahidi na kutoa tuzo, yaani hukumu yake, inayowabana wote.

Tanzania Bara, hii si hisani ya bosi. Imo ndani ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, ilianza kazi 2007.

Lakini mengi yangeweza kuishia kazini kwenyewe. Tuseme kwenye ghala la dagaa Kibirizi, Kigoma, magunia yamepungua na mtunza stoo amekatwa mshahara. Pasipo utaratibu, analalamika kwa meneja yule yule aliyemkata. Taasisi iliyojipanga huwa imeandika mapema malalamiko yapokelewe na nani, yajibiwe ndani ya siku ngapi, na nani akae katikati. Hapo ndipo pa kusoma kwanza. Wengine huita mzee anayeheshimika, na si vibaya, ila mara nyingi mzee huyo ni shemeji wa mwenye ghala. Mtu wa kati akubaliwe na pande zote mbili, mlalamikaji aruhusiwe kuja na mjumbe wa chama cha wafanyakazi, na wakipatana iandikwe na kusainiwa.

Tatizo ni kalenda. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kufika CMA, tangu siku aliyoachishwa au siku mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho. Migogoro mingine ina siku 60. "Njoo wiki ijayo tuyaongee" haisimamishi hesabu hiyo, na wapo waajiri wanaolijua hilo vizuri sana. Ukichelewa, unaanza kwa kuomba kuongezewa muda, na sababu zako zipimwe.

Huko CMA unajaza Fomu Na. 1, na nakala lazima imfikie mwajiri. Usuluhishi una siku 30, labda wahusika wakubaliane kuongeza. Ukishindikana, shauri linakwenda kwenye uamuzi. Asiyeridhika na tuzo ana wiki 6 za kuomba Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, iipitie.