Gari la kuvuta karavani: tazama giaboksi kabla ya cc

"Ina cc ngapi?" Hilo ndilo swali la kwanza yadi, na kwa anayetafuta SUV ya kuvuta karavani au tela la boti, ni swali la kusubiri. Gari linaloshindwa mlima likiwa na tela nyuma mara nyingi injini yake bado ina nguvu. Kilichoshindwa ni giaboksi iliyopata moto kupita kiasi, na chanzo chake ni uzito ambao haukupigiwa hesabu kabla ya kuondoka nyumbani. Kwa hiyo tunaanza na uzito.

Muuzaji wa karavani atakutajia uzito mtupu. Wewe unahitaji uzito wa siku ya safari. Chukua mfano wa karavani yenye kilo 1,100 mtupu. Jaza lita 100 za maji, hizo ni kilo 100. Mtungi wa gesi ya kilo 15, ukihesabu na chuma chake, ni kama kilo 30. Betri ya Ah 100 ya risasi ni karibu kilo 30 nyingine. Friji, turubai, magodoro, vyombo na chakula, weka kilo 170. Umefika kilo 1,430, na hujapakia kiti hata kimoja cha ufukweni.

Karibu asilimia 10 ya uzito huo, yaani kilo 143, inapaswa kukandamiza kichwa cha kuvutia, kile chuma cha duara ambacho mkono wa tela hukalia. Ikipungua sana, karavani huanza kuyumba kushoto na kulia mwendo unapoongezeka, na ikishaanza ni vigumu kuituliza. Lakini soma kitabu cha gari kwanza: magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya yana ukomo wa kilo 75 hadi 100 tu hapo.

Sasa angalia gari lenyewe. Tuseme lina kilo 2,200 mtupu na ukomo wake likiwa na mzigo ni kilo 2,850. Zimebaki 650. Watu wazima watano wa kilo 75 kila mmoja ni 375, mizigo ya buti na keria 100, chuma cha kuvutia 40, na zile 143 za mkono wa tela. Jumla 658. Gari limeshazidisha kilo 8 kabla halijavuta chochote. Wengi hawaioni hesabu hii kwa sababu hudhani uzito wa tela unabebwa na magurudumu ya tela peke yake.

Zile kilo 143 pia hufanya kazi kama wenzo. Kichwa cha kuvutia kikiwa mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, na gari likiwa na mita 2.8 kati ya ekseli na ekseli, ekseli ya nyuma inapokea kilo 204 na ya mbele inapunguziwa 61. Hapo ndipo usukani unapokuwa mwepesi na taa zinawamulika wenzako usoni. Springi za nyuma zilizochoka zinaongeza tatizo, kwa hiyo zibadilishwe mapema.

Kupima kilo za mkono wa tela hakuhitaji kifaa cha gharama. Egesha karavani iliyopakiwa mahali tambarare, weka vizuizi kwenye magurudumu, kisha usimamishe mkono wa tela juu ya mzani wa bafuni kwa kipande cha mbao, kimo kikiwa kilekile cha kichwa cha kuvutia. Mzani ukiishia kilo 120, tafuta ubao imara wa mita 1.5. Upande mmoja uegemee mzani, wa pili uegemee tofali la kimo kilekile, na mkono wa tela ukae sentimita 50 kutoka kwenye tofali. Toa uzito wa ubao unaosomeka kabla ya kushusha tela, kisha kinachobaki zidisha kwa 3.

Jihadhari na namba za kuokota. Magari mengi tunayotumia yametoka Japani yakiwa yametumika, na uzito wa jumla ulioandikwa kwenye cheti cha huko, kwa gari dogo la abiria, ni uzito mtupu pamoja na kilo 55 kwa kila kiti. Haikukusudiwa kueleza uwezo wa kuvuta. Halafu mtu hutafuta mtandaoni, anakuta gari lenye jina lilelile Australia linaruhusiwa kilo 1,500, anafurahi. RAV4 ya mwaka 2006 hadi 2012 yenye injini ya lita 2.4 iliuzwa Australia na otomatiki ya gia 4 au gia za mkono. Ile ya Japani ya lita 2.4, na ndugu yake Vanguard, ilikuja na CVT, otomatiki isiyo na gia tutakayoieleza hapa chini. Jina ni moja, giaboksi mbili tofauti kabisa. Tumia namba iliyotolewa kwa injini na giaboksi uliyonayo wewe.

Giaboksi zenyewe

CVT haina gia. Ina mkanda au cheni ya chuma inayobanwa kati ya puli mbili kwa shinikizo la mafuta. Mzigo ukiwa mkubwa kwa muda mrefu, shinikizo hupanda, mafuta hupata moto, na kompyuta hupunguza nguvu ili kuilinda. Dereva huhisi gari limechoka ghafla katikati ya mlima. Mkanda ukiteleza hata kidogo, hukwaruza puli, na ukarabati wake ni ghali. X-Trail na Forester nyingi, na Harrier ya lita 2.0 isiyo na tabo ya kuanzia 2013, ziko kundi hili. Kwa tela dogo la kilo 500 la mizigo kwenda Bagamoyo zinatosha. Kwa karavani ya kilo 1,430 kwenda Iringa, tunashauri uache.

Haibridi kama za Harrier na RAV4 hazina mkanda huo, lakini kwenye mlima mrefu betri huisha na unabaki na injini peke yake. Giaboksi za klachi mbili kavu hazifai kabisa kwa foleni ya Kimara ukiwa na tela: klachi huteleza kila unaposogea mita 2, na hakuna mafuta ya kuipoza.

Gia za mkono ni imara na zinashika vizuri mtelemkoni. Udhaifu wake ni klachi, hasa unapoanza mwendo mlimani au unaporudisha boti nyuma kwenye mteremko wa ufukweni. Gari lenye gia nzito za 4x4 (low) huokoa klachi hapo. Lakini Land Cruiser 70 na Hilux zenye 4x4 ya kuunganisha, usiziunganishe kwenye lami kavu. Prado 120 na 150 zina difu ya katikati, inayoruhusu ekseli ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa mwendo tofauti, hivyo gia nzito zinaweza kutumika hata kwenye lami mradi difu hiyo haijafungwa.

Chaguo letu la kwanza kwa familia inayovuta zaidi ya kilo 1,200 ni gari lenye chasisi, injini ya dizeli yenye tabo, na otomatiki ya kawaida ya gia 5 au zaidi. Prado 150 yenye dizeli ya lita 3.0 inatoa Nm 410 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha), na ile ya lita 2.8 ya otomatiki Nm 450 au zaidi, na zote nguvu hiyo huipata injini ikizunguka taratibu. Dizeli ya 1HZ ya lita 4.2 isiyo na tabo ina Nm 285 na hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kimo. Ni injini ya kudumu. Mlimani itakupeleka polepole, nawe ukubali.

Joto la mafuta

Otomatiki ya kawaida huzalisha joto kwenye kigeuza nguvu (torque converter) kinachounganisha injini na giaboksi, pale mafuta yanapozungusha upande wa pili kabla ya kufungamana. Gari na karavani vya mfano wetu kwa pamoja ni kama tani 4.1. Kwenye mwinuko wa asilimia 8, kwa kilomita 40 kwa saa, vinahitaji zaidi ya kilowati 36 kupanda tu. Sehemu ya kumi ikipotelea kwenye mafuta, ni sawa na kuwasha jiko la umeme la sahani mbili hadi mwisho chini ya ndoo moja ya mafuta. Nyuzi 80 hadi 95 ni hali ya kawaida. Kuanzia 120 mafuta huharibika haraka.

Ndiyo maana kipozeo cha ziada si anasa. Kifungwe mbele ya rejeta, mafuta yapite kwanza kwenye kipozeo cha asili kisha hiki, na mipira iwe ile ya mafuta ya giaboksi, kwa sababu mpira wa petroli hulainika na kuvuja. Badilisha mafuta kila kilomita 40,000, ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu. WS, mafuta ya otomatiki ya kawaida ya Toyota, haichanganywi na mafuta ya CVT. Mafuta mekundu angavu ni mazima. Ya kahawia yenye harufu ya kuungua yameshakula klachi za ndani. Ya waridi yenye ukungu yamechanganyika na maji ya rejeta, na gari lisiendeshwe hata kilomita moja.

Chuma cha kuvutia mafundi wa kuchomelea wanaweza kukitengeneza vizuri, ila kisichomelewe kwenye bampa wala sakafu ya buti. Kifungwe kwenye chasisi kwa boliti zenye alama 8.8, kwenye matundu ya kiwandani. Kichwa kiwe milimita 50 kama kikombe cha tela, na minyororo miwili ya usalama ipishane chini yake. Tela lenye zaidi ya kilo 750 liwe na breki zake lenyewe, kama sheria za Ulaya na Australia zinavyotaka.

Barabarani, zima O/D (gia ya juu kabisa ya otomatiki) au chagua gia ya 3 kabla mlima wa Kitonga haujaanza, usisubiri gari lihangaike. Teremka kwa gia ileile uliyopandia au chini yake, na breki zikanyagwe kwa nguvu na kuachwa, si kushikiliwa. Usizidi kilomita 80 kwa saa. Ukifika juu, acha injini iungurume dakika 3 hadi 5 kabla ya kuzima ili mafuta yaendelee kuzunguka, kisha pitisha mkono karibu na kila kitovu cha gurudumu la tela bila kukigusa. Kimoja kikiwa cha moto kuliko mwenzake, bearingi imekauka au breki imekwama, na safari isubiri hadi kifunguliwe.