Kompyuta ya kora kumi na sita na kopo la mvua

Modeli ya Marekani iitwayo GFS, programu ya kompyuta inayotabiri hali ya hewa, huanza kupigiwa hesabu mara nne kwa siku. Kwa saa zetu ni saa tisa usiku, saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri na saa tatu usiku, na ramani zake huanza kutoka baada ya kama saa tatu unusu. Wapo watu wazima, wenye kazi na familia, wanaoamka alfajiri kuzisubiri. Mimi ni mmoja wao. Tukikutana hatusemi sana juu ya mvua. Tunasema juu ya mashine, na hapo ndipo dhana nyingi zinapozaliwa.

Iliyoshika mizizi zaidi ni kwamba mwenye kompyuta kubwa ndiye mwenye utabiri sahihi. Programu ya WRF, ambayo watafiti duniani kote huitumia kutabiri eneo dogo kwa undani, inapatikana bure. Basi mtu anajichanga, anapeleka hela kwa fundi, anaunganishiwa mashine ya kora kumi na sita, yaani sehemu kumi na sita za prosesa zinazopiga hesabu kwa pamoja, na kadi ya michoro ya bei mbaya. Kwanza, toleo la kawaida la WRF hutumia prosesa tu, kwa hiyo kadi ile inakaa bure kama mgeni asiyejua kumenya ndizi. Pili, kora zote zinagombania njia moja ya kufikia kumbukumbu, na ukishapita idadi fulani, kuongeza kora hakuongezi kasi. Tatu ni hesabu yenyewe. Modeli huigawa ramani katika miraba. Ukipunguza upana wa mraba kutoka kilomita 9 hadi 3, miraba inakuwa mara tisa, na kila hatua ya muda lazima nayo ifupishwe mara tatu. Kazi imekuwa mara ishirini na saba. Mashine inanguruma usiku kucha, na utabiri wa kesho unakamilika kesho jioni.

Hata ukiiweza hesabu hiyo, WRF ya nyumbani haianzi na anga lake yenyewe. Hali ya kuanzia, na upepo unaoingia kutoka pembeni mwa ramani yako, inavichukua kwa modeli kubwa, mara nyingi hiyo hiyo GFS. Seremala mwenye msumeno mpya bado anakata palipowekwa alama, na alama ameiweka mwingine.

Lakini sisemi mashine haina faida. Modeli yenye miraba ya kilomita 13 haiwezi kuchora wingu moja la radi, kwa hiyo hulikadiria kwa kanuni, na kanuni hizo zina tabia ya kumwaga mvua mapema, karibu na adhuhuri. Kwetu bara mvua ya radi hupenda kusubiri hadi saa kumi au jioni kabisa. Ziwa Viktoria lina kinyume chake: usiku pepo za nchi kavu hushuka kutoka pande zote, zikakutana katikati ya maji, na radi zikalipuka kabla ya mapambazuko, wakati wavuvi wa dagaa bado wako kazini na taa zao. Mraba wa kilomita 3 huziona pepo hizo vizuri zaidi. Kama umenunua mashine kwa ajili hiyo, hukupoteza hela.

“Simu yangu inajua mtaa wangu.” Haijui. Programu nyingi za simu huchukua namba za modeli kubwa na kuzigawa kwa jina la mtaa. Kariakoo na Mwenge zinaweza kuangukia mraba mmoja wa GFS, na kila mkazi wa Dar es Salaam ameshaona Mwenge ikiloa huku Kariakoo wakiuza miwani ya jua. Kilimanjaro yenyewe, mita 5,895, ikishasawazishwa ndani ya miraba hiyo hupoteza kilele chake, na tofauti ya mvua kati ya mteremko wa kusini na ule wa kaskazini hufifia.

Dhana ninayoipenda kuliko zote ni ya kipima kanieneo, yaani kipimo cha mgandamizo wa hewa. Mtu ananunua kile chenye sura ya saa ya ukutani, kimeandikwa dhoruba upande wa kushoto na hali njema upande wa kulia. Saa nne asubuhi mshale uko juu. Saa kumi jioni umeshuka hektopaskali tatu, ndicho kizio cha kanieneo. Anatangaza: jamani, anueni nguo. Kesho yake hivyo hivyo, na keshokutwa. Kumbe anga la nchi za tropiki lina maji kujaa na maji kupwa yake, mara mbili kwa siku, kwa sababu ya jua kulipasha joto. Hujaa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku. Hupwa karibu saa kumi jioni na saa kumi alfajiri. Ulaya, kipimo hicho kilikobuniwa, mwendo huu humezwa na mifumo mikubwa ya dhoruba inayopita kila siku chache. Huku kwetu ndio unaotawala mshale. Linganisha saa nne ya leo na saa nne ya jana. Hapo ndipo kuna habari. Na ukikipeleka Nairobi bila kukirekebisha kwa mwinuko, kitasoma chini ya hektopaskali 850, yaani kimbunga cha kudumu sebuleni.

Asilimia 40 ya mvua si asilimia 40 ya siku, wala ya jiji. Ni kwamba katika siku kumi za namna hii, nne zitanyesha hapo ulipo. Ukiambiwa 40 siku tano na ikanyesha siku mbili, hukudanganywa.

Kuna pia wanaoulizia harusi ya wiki tatu zijazo. GFS hutoa ramani hadi siku ya 16, na kuwepo kwa ramani kunawafanya watu waiamini. Mwaka 1961 mtaalamu wa hali ya hewa Edward Lorenz alirudia hesabu kwenye kompyuta yake akiingiza 0.506 badala ya 0.506127, na baada ya muda hali ya hewa ndani ya mashine ikawa nyingine kabisa. Ndiyo maana kituo cha Ulaya cha ECMWF huendesha utabiri 51 kwa pamoja, kila mmoja ukianza na tofauti ndogo. Shabiki wetu huchagua ule mmoja wenye kimbunga na kuusambaza WhatsApp.

Vimbunga vya kweli navyo vina msiba wao. Hidaya kiliingia nchi kavu kisiwani Mafia tarehe 4 Mei 2024, kikapungua nguvu. Dar es Salaam wengi waliamka, wakaiona miembe imesimama, wakacheka kwamba mamlaka ya hali ya hewa imebahatisha tena. Wakati huo barabara ya kwenda Lindi ilikuwa imekatwa na maji.

Sasa gumzo ni akili mnemba, na wapo wanaodai fizikia imestaafu. GraphCast ya Google DeepMind hutoa utabiri wa siku kumi kwa muda usiofika dakika moja, na ECMWF wameanza kutumia modeli yao ya aina hiyo, AIFS, mwezi Februari 2025, sambamba na ile ya zamani. Hata toleo dogo la modeli hizi linaweza kuendeshwa nyumbani, na ile kadi ya michoro hatimaye inapata kazi. Lakini zimefundishwa kwa kumbukumbu za miaka mingi zilizojengwa na modeli ya fizikia pamoja na vipimo, na kila siku bado huanza na picha ya anga iliyotokana na vipimo vya leo. Vipimo hivyo Afrika ni vichache.

Ndiyo maana simwelewi anayekiona kipima mvua kuwa mchezo wa watoto. Kiweke mbali na mti kwa umbali wa mara mbili ya urefu wa mti huo. Kipimajoto usikitundike chini ya bati, maana utakuwa unapima bati. Mvua isome saa tatu asubuhi, saa ile ile inayosomwa vituoni. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Kwangu leo ni 14.2. Modeli yangu ya kora kumi na sita ilisema 3.