Mdeki ni nini?

Kwa wazee wa Tabora waliokua na gobore, mdeki ni ule ufito unaochomekwa chini ya mtutu, wa kushindilia baruti na gololi. Bunduki za leo hujazwa risasi kwa nyuma, kwa hiyo kushindilia hakupo tena. Mdeki umebaki na kazi ya kusafisha kasiba, yaani ndani ya mtutu. Nchani unafungwa brashi ya nyaya za shaba au kitambaa chenye mafuta.

Binafsi naamini mideki mibovu imeharibu kasiba nyingi kuliko baruti. Mjomba wangu wa Sikonge, mwindaji mwenye leseni, alikuwa na wa vipande vitatu vya kuunganisha. Ukijipinda kidogo tu, viungo vinakwaruza ndani. Unausikia mkwaruzo mkononi kabla haujafika sikioni. Chukua wa kipande kimoja, wa chuma nyororo kisicho na mikwaruzo au kilichofunikwa plastiki. Alumini ni laini mno: punje za mchanga hujikita humo, na mchanga ndio tusioukosa huku, ufito ukageuka msasa. Kwa kasiba ya milimita 7.62, ufito mwembamba mno utapinda. Mpini nao uzunguke wenyewe, maana ndani kuna mifuo iliyojipinda na brashi lazima iifuate.

Kabla ya yote, bunduki iwe tupu. Toa magazini, fungua bolti (komeo la nyuma), chungulia chemba (pale inapokaa risasi), kisha ipapase kwa kidole. Risasi zikae mbali. Chomoa bolti, usukume mdeki kutoka nyuma kwenda mbele. Mdomo wa mtutu ndio mahali pa mwisho risasi inapogusa chuma, na ukilika upande mmoja tu, shabaha imekwenda. Brashi usiigeuze katikati ya kasiba. Itoke kwanza mbele. Malizia kwa kitambaa kikavu kabla ya kwenda kupiga.

Gobore halina nyuma ya kufungua, basi huna budi kuingilia mdomoni. Masalia ya baruti nyeusi hunyonya unyevu, na katika mvua za Novemba hadi Aprili kutu haichelewi. Yaoshwe kwa maji ya moto, kasiba ikaushwe, ipakwe mafuta. Mjomba huushika mdeki kwa vidole viwili pale mdomoni, ufito upite kati ya nyama ya vidole usiguse chuma.