Ngozi nyeusi na leza: uliza ni mashine gani

"Daktari, si leza inaunguza watu weusi?" Wiki hii nimeulizwa tena, na kijana aliyejaa vipele vya ndevu shingoni, makovu yameanza kuinuka. Kinyozi wake ndiye aliyemwonya. Tiba ambayo ingemfaa zaidi, leza ya kuondoa nywele, ndiyo aliyoikimbia miaka yote, na inaniuma.

Hofu hiyo haikuzuka hewani. Leza ya nywele huwinda melanini, rangi asilia ya nywele na ngozi: watafiti Anderson na Parrish walieleza mwaka 1983 kwamba mwanga wa wimbi linalofaa, ukipigwa kwa muda mfupi wa kutosha, huchoma shabaha na kuacha jirani zake. Lakini kwetu melanini haiko kwenye unywele tu. Imetanda tabaka la juu la ngozi, na ndilo linalokutana na mwanga kwanza. Leza ya rubi, yenye wimbi la urefu wa nanomita 694, mojawapo ya leza za mwanzo za kuondoa nywele, humezwa sana na melanini. Ngozi nyeusi ikapigwa nayo, ikaungua.

Sasa sikilizeni. Kadiri wimbi linavyorefuka, melanini huunyonya mwanga kidogo zaidi. Leza iitwayo Nd:YAG, ya nanomita 1064, hupita tabaka la juu na kuufikia mzizi. Ongeza mapigo marefu na ubaridi wa kutosha, ngozi inabaki salama. Bei yake ni maumivu zaidi na vikao vingi zaidi. Leza ya Alexandrite, ya 755, siigusishi ngozi nyeusi. Daiodi ya 810 iko katikati, inategemea mkono wa anayeishika. IPL wala si leza, ni mwanga wa mawimbi mchanganyiko, na ndiyo inayoniletea watu wenye alama za mstatili miguuni, umbo lilelile la kichwa cha mashine. Kisha wanasema "leza iliniunguza".

Nyoa kabla ya kikao, using'oe. Nywele nyeupe hazisikii. Kama unajichubua, acha kwanza.

Kinachonikera zaidi ni kuambiwa "mashine hii ni ya ngozi zote", halafu mtu anapigwa siku hiyohiyo. Kipimo tunachotumia, cha Fitzpatrick, kinachogawa ngozi katika aina sita, kilianza mwaka 1975 kwa kupanga dozi ya miale kwa ngozi za wazungu. Ngozi za kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye. Ndiyo maana mteja wa Garissa, wa Kisii na wa Lodwar wote nawaandika aina ya tano au ya sita, ingawa ngozi zao hazifanani hata kidogo. Ngozi mbili zinazofanana machoni pangu, moja itaacha doa jeusi na nyingine haitaacha, na siwezi kutabiri ni ipi. Kwa hiyo najaribu sehemu ndogo chini ya taya, nangoja wiki kadhaa, ndipo naanza. Anayekuharakisha hapo, ondoka.

Melazma, yaani mabaka meusi yanayotokea usoni, ni habari nyingine. Wenzangu wengine huyapiga leza ya nguvu ndogo na picha zao zinapendeza. Mimi nasita, kwa kuwa mara nyingi hurudi, wakati mwingine meusi kuliko mwanzo. Akina mama wenye mabaka hayo nawaanzishia krimu ya kukinga jua yenye rangi, ile yenye oksidi ya chuma, maana mwanga wa kawaida unaoonekana nao huyachochea, na krimu nyeupe hazizuii huo. Ipakwe hata Julai, Nairobi ikiwa imefunikwa na mawingu.