Inhela ya kahawia na hofu ya saratani

"Daktari, hii haitaniletea saratani?" Hapa Kisumu swali hilo huulizwa na wenye pumu kuhusu inhela ya kahawia, ile ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa) ya kutumia asubuhi na jioni hata kifua kikiwa sawa. Ile ya buluu, salbutamol, haimwogopeshi mtu kwa sababu hufungua kifua papo hapo. Nami naiogopa zaidi hiyo: anayeitegemea peke yake anatuliza mbano tu, huku njia za hewa zikiendelea kuvimba.

Hofu ina chanzo. Baada ya kupuliza kwa muda, mtu hujitazama kwenye kioo akaona utando mweupe ulimini. Ukiupangusa kwa kitambaa unatoka, na chini pamewiva wekundu. Huo ni ukungu wa kandida, si saratani. Sukutua na uteme kila unapomaliza kupuliza, na utumie speza, kile chombo cha kupitishia dawa kati ya inhela na mdomo. Ukiikosa, hata chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitakoni ikashika mdomo wa inhela barabara inafanya kazi.

Tafiti zilizokuta saratani ya mapafu ikiwa juu kidogo kwa wenye pumu zipo. Ila uvimbe wa saratani unaobana njia ya hewa nao hukohoza na kupigisha kifua mluzi. Mtu huandikiwa pumu, miezi ikipita saratani inaonekana, na kwenye takwimu pumu inasomeka kana kwamba ndiyo iliyoanza. Ongeza sigara hapo. Tafiti nyingine zimekuta saratani hiyo ikiwa chache kwa wanaopuliza steroidi, lakini simpi mtu inhela kama kinga ya saratani.

Dawa iliyowahi kuzua shaka ya maana ni omalizumab, sindano ya pumu kali. Majaribio ya mwanzo yalionyesha saratani kwa asilimia 0.5 ya waliochomwa na 0.2 ya wenzao wasiopewa dawa hiyo. Ufuatiliaji wa miaka 5 haukuona tofauti, ingawa mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani ilisema shaka haijaisha yote. Wagonjwa wangu wengi hawataiona sindano hiyo. Wanachokiona ni prednisolone, steroidi ya vidonge: anayekimbia inhela ya kahawia huishia kumeza vidonge hivyo kila akizidiwa, na hivyo ndivyo vinavyokula mifupa na kupandisha sukari.

Kama ni saratani, mimi huuliza habari za moshi. Akina mama wa mtaa wa Obunga hapa Kisumu wanaokaanga mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki iliyotolewa minofu, hukaa juu ya moto wa kuni kutwa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani linasema moshi wa kuni ndani ya nyumba huenda unasababisha saratani. Kuhusu moshi wa dizeli halina shaka tangu 2012, na hewa chafu ya nje tangu 2013.

Kwa hiyo ukianza "pumu" ukiwa umepita miaka 40, mluzi uko upande mmoja, uzito unashuka au makohozi yana damu, usikubali kuongezewa inhela tu. Dai eksirei na kipimo cha makohozi cha kifua kikuu. Kifua kikuu kisipoonekana na eksirei ina doa, omba rufaa wiki hiyo hiyo, na inhela yako endelea nayo.