Hiyo helmeti ni ya trafiki, dada

Juzi asubuhi nimepanda boda Buzuruga hapa Mwanza naenda mjini, jamaa kanipa helmeti, kuishika naona mkanda wa kidevuni hauna kifungo, pameungwa na kipande cha kamba ya nyavu. Nikamuuliza sasa hii nafungaje? Akacheka, "Weka tu kichwani dada, hiyo ni ya trafiki."

Yaani ndo tulipofika. Helmeti ni ya kichwa jamani, sio ya trafiki. Tafiti za nchi mbalimbali zikijumlishwa zinaonyesha inapunguza uwezekano wa kufa kwenye ajali ya pikipiki kwa kama asilimia 42, na wa kuumia kichwa asilimia 69. Ila iwe imefungwa, maana ya kwetu yenye kamba ya nyavu inaruka huko wewe unaelekea kwenye lami kichwa kitupu.

Halafu kuna hii ya "mbona nzima, haijapasuka". Chungulia ndani, kuna kitu cheupe kigumu kama kile kinachokuja kwenye boksi la tivii. Kile ndo kinachobonyea badala ya fuvu lako, na kikishabonyea hakirudi, kwa hiyo helmeti iliyokwisha kupiga chini kwa nguvu inaweza kung'aa nje na ndani imekwisha kazi. Ukinunua ya mtumba hujui ilianguka mara ngapi.

"Mi abiria hainihusu." Inakuhusu, kanuni za boda zinataka na abiria awe nayo. Kero ya jasho la watu na nywele kuharibika naielewa, hata mimi nasuka, natembea na kitambaa chepesi kwenye pochi navaa kwa chini, basi.

"Naenda hapo tu Mabatini." Sawa, ila ile miteremko ya milimani yenye mchanga na mawe unaijua, na boda akibana breki ya mbele pale, umbali wa safari hausaidii kitu.

Ya vijiweni sasa, kwamba serikali inatafuta hela tu. Ukipigwa faini siku ambayo hesabu ya bosi haijatimia lazima uone hivyo, siwalaumu. Ila bajeti ya 2021 ndo ilishusha faini ya boda na bajaji toka 30,000 hadi 10,000, sasa mtafuta hela gani anajipunguzia? Mi kinachonikera ni kwamba trafiki anaangalia kama ipo kichwani anaruhusu, mkanda haushiki hata kwa kidole, ndo maana helmeti za kamba ya nyavu zinapita kila siku. Na leseni ya daraja A, ile ya pikipiki, nayo watu wanaona karatasi tu, "bro alishanifundisha", bro mwenyewe kafundishwa na nani?

Nimeshuka Makoroboi nikalipa, jamaa akaitundika ile helmeti kwenye saitimira, kamba inaning'inia, "Buzuruga, Buzuruga, mama twende."