Kwa nini watu watano wanatosha kuijaribu programu ya simu?

Je, wajua kwamba programu itakayotumiwa na mamilioni inaweza kujaribiwa na watu watano tu, na kasoro zake nyingi zikaonekana? Aliyezoea kura za maoni ataguna. Lakini hapa hatuhesabu kura, tunasaka kasoro.

Tuseme umetengeneza programu ya kununua umeme wa LUKU. Unamkalisha mteja, unampa simu na kazi: "Nunua umeme wa shilingi elfu tano, na unachowaza kiseme kwa sauti." Kisha unanyamaza. Hapo ndipo pagumu, maana utatamani mno kumwelekeza. Anaandika namba ya mita, halafu anakwama: kibodi imefunika kitufe cha "Endelea". Anabonyeza huku na huku. "Mbona haiendi?" Wa pili anakwama palepale. Wa tatu naye, ila anaibua na jingine. Ukifika kwa wa tano, daftari lako linajaa yaleyale.

(Usimuulize kama ameipenda. Kwa adabu zetu atasema ni nzuri sana, hata kama umeme hakuupata.)

Mwaka 1993 watafiti Jakob Nielsen na Thomas Landauer walilipigia hesabu jambo hili. Katika miradi waliyoichunguza, mtu mmoja alifichua kwa wastani asilimia 31 ya kasoro, yaani asilimia 69 zilimponyoka. Zidisha 0.69 kwa yenyewe hadi zitimie tano: zinazowaponyoka wote ni kama asilimia 16. Nyingine 84 zimenaswa. Ndiyo maana Nielsen hushauri kwamba mwenye fedha za kuwalipa watu 15 asiwamalize kwa mkupuo. Aite watano, arekebishe, aite watano wengine, maana marekebisho nayo huzaa kasoro mpya.

Ila hiyo 31 ni wastani tu. Mwaka 2001 watafiti wengine, Jared Spool na Will Schroeder, walijaribu tovuti za kuuza bidhaa, ambako kila mnunuzi hupita njia yake, na watano wa kwanza wakaibua asilimia 35 tu ya kasoro. Tena, kama programu yako inatumiwa na mteja na wakala, hao ni makundi mawili, na kila kundi lijaribiwe kivyake. Na ukitaka kujua ni wateja wangapi kati ya mia wanaokwama kwenye kile kitufe, watano hawatakusaidia. Hapo tafuta watu wengi zaidi, uwahesabu wanaokwama.